Kamba Ilivutwa Mara Tatu

Siku ya kwanza kazini hatukushushwa majini. Sajini Ameir alitufunga vitambaa machoni, akatukalisha mchangani nyuma ya ghala la boti, akampa kila mmoja wetu ncha ya kamba. Tulikuwa watatu: mimi Vuai, Makame wa Nungwi, na Kheri, kijana wa Bububu aliyekuwa hodari wa mashine. Mimi shule niliishia darasa la tano. Kikosi cha wazamiaji kilinichukua kwa sababu nilikuwa nikizamia majongoo ya pwani tangu sijabaleghe, na nikadhani nitaulizwa naweza kukaa chini kiasi gani. Sajini hakuuliza hilo. Alivuta kamba, akanyamaza, akavuta tena, na sisi tukatakiwa tujibu kwa mkono bila kusema neno. Tulishinda hivyo mpaka adhuhuri, vipofu watatu juani.

"Chini kule huna mdomo," alituambia. "Mdomo wako ni huu uliofungwa kiunoni. Ukiuachia, basi tena."

Naandika haya kwa nyinyi vijana mnaozamia siku hizi na vyombo vya kusemea ndani ya maji. Sisi tulikuwa na kamba tu. Mzamiaji hufungwa kiunoni, na mwenzake, mshika kamba, hubaki juu kwenye boti. Mvuto mmoja ni swali, mzima? Na mvuto mmoja ni jibu, mzima. Mara mbili, nilegezee. Mara tatu, nipandishe. Kamba yenyewe ilikuwa na mafundo yaliyofungwa vitambaa vyekundu. Ukimtoa mtu kwenye kina unamvuta taratibu, na kila fundo likifika mkononi mwako unasimama, yeye anapumzika kule kule majini, ndipo unamvuta tena. Sababu yake Sajini alitueleza kwa maneno machache. Hewa unayoivuta chini inaingia kwenye damu. Ukipandishwa mbio inageuka mapovu, na mapovu hayachagui pa kukwama. Yakikwama kwenye uti wa mgongo, miguu inakataa amri. Yakikwama kwenye nyonga, mfupa unakufa kidogo kidogo na wewe mwenyewe u hai unauangalia.

Kulikuwa na sheria nyingine ambayo haikuandikwa mahali popote. Mtu akiwa chini haitwi jina. Anaitwa mgeni. "Mgeni kafika wapi?" "Mgeni yuko fundo la pili." Hata ukitaka kumtukana, unamtukana mgeni. Sajini Ameir alikuwa Mtumbatu, mtu wa kisiwani, na mambo haya hakuyafanyia mzaha. Alisema jina likitajwa juu ya maji, anayelisikia si mwenyewe peke yake. Kheri alicheka sana siku ile. Tangu hapo akawa anatwambia hata tukila, "Mgeni, nsogezee mchuzi." Na tukikutana asubuhi hatupeani mkono, unamvuta mwenzako shati mara moja, naye anakuvuta lako. Mzima? Mzima.

Baada ya miaka kadhaa Kheri alivua sare, akaenda kuwa fundi wa mashine kwenye boti ya abiria ya mtu binafsi. Siku ya kuondoka alinivuta shati mara moja, nikamvuta lake, akenda zake. Sajini Ameir naye akastaafu. Ndipo tukaletewa Kamanda Haroub Sadala. Namtaja kwa jina lake zima maana yeye langu alilitaja. Alitoka ofisini moja kwa moja. Maji aliyoyajua ni ya kutilia udhu, na kitu alichokipenda kuliko vyote pale kituoni ni spika ya mkono, ile ya kukoromea watu kwa mbali. Makame alimweleza habari ya mgeni. Kamanda akacheka puani.

"Hiki ni kikosi cha serikali, si kilinge cha waganga," alisema. "Mtu ana jina lake na namba yake."

Kisha boti ile ikazama, na Kheri ndani yake.

Sitaieleza yote. Tulizamia siku nyingi, mimi na wenzangu, tukitoa watu. Mwangaza chini kule unakuwa kijani, ukishuka zaidi unakuwa kama maji ya majivu. Kuna mambo ambayo mpaka leo nikifumba macho nayaona: mapolo ya mchele yamepangika vizuri kama dukani, kanga iliyonasa kwenye dirisha ikicheza polepole kama kuna mtu anaifua, viatu vya mtoto vimekaa wima kwenye ngazi, vimeelekea juu. Tuliwatoa wote ila mmoja. Chumba cha mashine mlango wake ulikuwa umebanwa, na Kheri alikuwa huko. Kila nikishuka nilikuwa naupiga ule mlango kwa ngumi kabla sijaanza kuukabili. Sijui kwa nini nilikuwa nikibisha hodi.

Siku ya mwisho walikuja wakubwa na watu wa kamera. Kamanda alitaka kazi iishe mbele yao. Nilishashuka mara mbili asubuhi ile, na kwa sheria za Sajini Ameir ningepumzika mpaka kesho yake. Kamanda akasema nishuke tena. Nikashuka.

Haya ya juu niliyajua baadaye, kwa Makame. Mimi niko chini, Kamanda akasimama kwenye omo, mbele kabisa ya boti, akawasha spika yake, akatangaza:

"Waheshimiwa, aliye chini yetu hivi sasa ni kijana wetu shupavu, Vuai Mcha. Vuai! Vuai Mcha!"

Makame alimshika mkono. Alikuwa kashachelewa.

Mimi nilikuwa mlangoni kwa Kheri, nimepiga ngumi yangu, nikahisi mvuto mmoja. Nikajibu mmoja. Ukaja mwengine. Nikajibu. Nikamlaani Makame moyoni kwa kunisumbua. Ukaja wa tatu, na hapo nikaitazama kamba. Kamba ilikuwa imelegea kwenda juu, inaelea kwa tumbo kama mshipi uliokatika. Haikuwa imevutwa kutoka juu. Ilikuwa imekaza upande wa pili, ile ncha iliyobaki nyuma ya kiuno changu, nayo ilikuwa imepita kwenye upenyo wa mlango. Nikatulia kabisa. Halafu ikavutwa tena, mara tatu, si kwa pupa, kwa mkono wa mtu anayejua anachofanya. Mvuto ule ulipita kiunoni kwangu ukaenda zake juu.

Mara nikanyanyuliwa kama ndoo ya kisimani.

Nilijaribu kushika chochote. Niliona mafundo mekundu yakinitangulia kupanda, moja, jengine, jengine, na hapana hata moja lililosimama. Nilipotoka kwenye maji Kamanda alinipiga begani mbele ya kamera. "Mzima huyu!" alisema. Nilikuwa mzima mpaka alasiri. Alasiri nilitaka kuinuka kwenda kutawadha, miguu haikunijibu. Kamanda hakuniuliza hata hali. Alikwisha kuwatangazia wakubwa kwamba kazi imekamilika, na fundi mashine kachukuliwa na mkondo.

Hospitali mke wangu Zuhura alimwambia muuguzi kile ambacho kila mke wa kwetu angekisema, kwamba mume wake kavutwa na kitu cha baharini. Muuguzi akakiandika. Na kule kituoni Koplo Pandu Silima, aliyekuwa mwandishi wa Kamanda na mnywaji wa chai yake, akaandika kwamba mzamiaji mwenyewe alivuta kamba mara tatu, akajipandisha bila ya kufuata mafundo. Kwa hivyo nilikuwa na maradhi mawili, shetani na ujinga, na yote mawili si ya kazini.

Miguu ilirudi, lakini haikurudi yote. Nikapelekwa stoo ya vifaa, chini ya Msimamizi wa Stoo, mzee mpole aliyekuwa akisinzia mchana kutwa. Kazi yangu ilikuwa kuanika kamba na kuzikagua kwa vidole, nikitafuta palipokatika nyuzi. Nililazimika kuomba uhamisho. Nilikuwa nikizipa kisogo, kamba moja kati ya zile zilizotundikwa inakuwa inanesa, zilizobaki zimetulia. Nilimwonesha Msimamizi. Alitazama, akafunga mlango wa stoo, akaniambia tangu leo tukae nje. Kutoka hapo nikawekwa getini, na kutoka getini nikaambiwa sifai tena, nikaagwa kwa mkono mmoja na chupa ya soda.

Na kitu kimoja hakikuniacha popote. Mtu akiniita jina langu kwa nyuma, ghafla, nahisi mvuto hapa kiunoni. Mmoja. Pale pale kamba ilipokuwa ikifungwa. Zuhura alijifunza kuniita Baba Mwana.

Nyonga ya kushoto ilikufa kwanza. Daktari aliniambia mfupa hauna damu, na wa kulia umeshaanza kufuata. Ukikatwa na kutiwa wa chuma mapema, na mwenyewe ukitunzwa, mguu wa pili unaweza kuokoka. Ukingoja, utakaa kitandani. Upasuaji wenyewe hufanywa bara, na wa kuugharimia ni serikali, iwapo tu maradhi yamekubaliwa kuwa ya kazini. Mimi naishi Michenzani, ghorofa ya juu kabisa, lifti hapana. Fahamuni basi kilichokuwa kinatafutwa. Sikutafuta nishani. Nilitaka niweze kushuka ngazi za nyumbani kwangu kabla sijashushwa na watu wanne.

Niliomba fidia, ikakataliwa. Jibu lilikuwa fupi: mwombaji aliomba mwenyewe kupandishwa. Nikaambiwa nina haki ya kukata rufaa, nilete shahidi. Shahidi alikuwa mmoja tu duniani.

Makame nilimfuata Nungwi. Siku hizi analinda hoteli ya wageni, kavaa shati lenye minazi, amekaa kwenye kiti cha plastiki getini. Aliponiona na magongo yangu aliinuka akanivuta shati mara moja. Nikamvuta lake.

"Najua ulichokuja nacho," alisema. "Na mie siwezi, Vuai. Watanshikisha msahafu."

"Si uushike. Mimi sikuvuta kamba."

"Sasa hapo ndipo pana kazi. Mie nlivutwa. Mara tatu, safi, kama darasani. Nkisema skuvutwa nimeapa uongo. Nkisema nlivutwa, nshakuua."

Nikamwambia ni kweli alivutwa. Nikamweleza upande gani kamba ilikuwa imekaza. Alinitazama uso wangu, halafu akaitazama bahari iliyokuwa nyuma ya vitanda vya wazungu, na shati lile la minazi likawa linamwenda juu na chini kwa pumzi.

"Kabla yake nlikuwa naulizwa mzima," alisema taratibu. "Mmoja. Nkajibu. Mmoja tena. Nkasema huyu leo ana nini, anauliza yeye badala ya kuulizwa. Wewe ulikuwa unauliza?"

"Mimi nlikuwa najibu."

Makame akatia kofia yake kichwani ingawa hakukuwa na jua. Mwishowe nilimwambia sitaki aseme nani alivuta. Aseme mikono yake ilihisi nini, na baada ya hapo nani aliichukua kamba mikononi mwake. Basi.

Rufaa yangu ilisikilizwa Mji Mkongwe, Vuga, kwenye nyumba moja ya zamani, chumba cha juu. Kesi ya mtu mwenye nyonga iliyokufa wameiweka juu ya ngazi za mbao zilizosimama wima kama za mnara. Makame alinibeba mgongoni. Juu walikaa watu watatu: Mwenyekiti, daktari mwanamke aliyekuwa akiandika muda wote, na mzee mmoja mstaafu wa serikali, Mzee Burhan, aliyeonekana kama anasinzia. Kamanda Haroub Sadala alikuja, kanzu nyeupe inanukia udi. Aliniitikia salamu kwa kunitazama magongo.

Alipoulizwa, alisema kwa utulivu kabisa, "Mimi kamba sikuigusa. Nilikuwa na wageni. Mzamiaji alitoa ishara mwenyewe na mshika kamba akampandisha. Kama mafundo hayakufuatwa, waulizeni hao wawili."

Makame akaapa. Akasema alivyovutwa. Mara tatu. Nikamwona Mwenyekiti anaweka kalamu chini kama mtu aliyemaliza kazi.

"Nikataka kumuuliza mgeni kwa mvuto mmoja, ndiyo sheria," Makame akaendelea. "Afande akaninyang'anya kamba. Alivuta kwa mikono yake miwili. Mafundo yote yalipita mikononi mwake. Nlikuwa nampigia kelele fundo, afande, fundo. Hajapata kuvuta kamba ya maji ya chumvi, na ile ilimchuna viganja vyote viwili. Mie ndiye nliyemfunga vitambaa."

"Uzushi," alisema Kamanda. "Viganja gani? Vitazameni."

Akavitandaza. Vilikuwa laini, vimenona. Miaka imeshapita, ngozi imeota. Mwenyekiti akauliza kama kuna aliyeviona viganja hivyo siku zile zaidi ya Makame. Sikuwa na mtu. Nilikuwa hospitali. Nilisikia mvuto wa kiunoni ingawa hakuna aliyeniita.

Ndipo Mzee Burhan akafumbua macho.

"Haroub," alisema. "Hitma ya wale marehemu, pale kituoni kwenu. Tulikula pilau sinia moja, mimi, wewe na wawili wengine. Wewe ulikula kwa kijiko."

Kamanda akakunja viganja.

"Nakumbuka kwa sababu nilikutania," Mzee Burhan akasema. "Nilikwambia, mwanaume wa Kiunguja kwenye sinia la hitma na kijiko, umeshakuwa Mzungu? Ukanijibu umejikata na kopo la maziwa. Mikono yote miwili, Haroub?"

Kamanda alisema mambo ya zamani humchanganya mtu. Alisema pengine alisaidia kidogo. Alisema wageni walikuwa wakingoja. Kila neno lilikuwa linamtoa pale alipokuwa amesimama mwanzo.

Mwenyekiti akamgeukia Makame, akamuuliza mara ya mwisho: ile mivuto mitatu, ilikuwa ya mwombaji au si ya mwombaji?

"Ilitoka chini," Makame alijibu. "Ya nani, hilo siliapii."

Daktari aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Alisema swali hilo si la kitabibu. Mtu anayeomba kupandishwa, na mtu asiyeomba, wote damu yao ni moja, na wote haki yao ni kusimama njiani. Huyu hakusimamishwa. Nyonga ndiyo iliyoandika hayo.

Walinikubalia. Sikulia pale. Nililia kwenye ngazi, mgongoni kwa Makame, na yeye akaniambia nikimlowesha shati nitalifua. Kamanda Haroub Sadala hakuguswa na mtu. Ana nyumba Bububu, ya kuta ndefu, si mbali na kwao Kheri, na watu wanamwita mzee wetu. Pandu Silima alinipigia simu kuniambia yeye alikuwa anaandika anachoambiwa. Nilikata.

Nilipasuliwa bara. Nyonga ya kushoto sasa ni chuma, na ya kulia daktari anasema imetulia. Nashuka ngazi, polepole, na napanda. Vijana, mkiniuliza kazi ile imenifunza nini, sina la kuwapa la kupamba. Fuateni mafundo. Anayewahimiza mpande haraka, mtazameni kwanza viganja. Na msikubali kuambiwa kazi imekwisha ilhali mwenzenu yuko chini. Mimi nilikubali kwa sababu nilikuwa siwezi kusimama, lakini nililala na neno lile kila siku. Miaka yote nilidhani kile kilichovuta kamba kilitaka kunibakisha kule. Sikukaa nikafikiri. Kubakishwa hakuna ishara yake. Mara tatu maana yake ni moja tu, nipandishe, na Kheri alifunzwa siku moja na mimi, kafungwa kitambaa macho, ubavuni kwangu.

Sisi wa ghorofa za juu hatushuki kwa kila kitu. Tuna kikapu na kamba. Unakiteremsha dirishani, muuza boflo anatia mikate, anavuta kamba mara moja, unapandisha. Ijumaa iliyopita, mchana, jua kali, nilikiteremsha kikapu mapema nikawa namngoja. Zuhura alikuwa jikoni, na baada ya miaka mingi ya kujizuia, siku hiyo akapitiwa.

"Vuai!" aliniita. "Mwambie atie mbili, Vuai!"

Kamba ikavutwa mara moja. Mkono wangu ukajibu kabla sijafikiri. Nikachungulia chini. Muuza boflo alikuwa bado yuko mbali, upande wa pili wa barabara, anasukuma baiskeli yake. Chini ya kikapu hapakuwa na mtu. Palikuwa na kivuli cha kikapu na saruji nyeupe.

Kisha ikavutwa mara tatu. Si kwa pupa.

Nilisoma Fatiha. Halafu nikaanza kuvuta. Kikapu kilichoshuka kikavu sasa kilikuwa kizito, na kamba ilinijia mkononi ikiwa imelowa, inanuka dizeli. Nilivuta taratibu. Kilipofika ghorofa ya kwanza nikasimama, nikahesabu pumzi zangu, nikavuta tena. Ya pili nikasimama. Jirani wa chini alitoa kichwa akalalamika kwamba namchuruzia maji nguo zake zilizokauka. Nikavuta tena. Zuhura akatoka jikoni akifuta mikono, akanitazama nilivyoganda pale dirishani, akauliza kikapu kitupu nakivuta kwa mwendo gani huo, na akafungua mdomo kuniita tena.

Nikamwonesha kwa kidole anyamaze. Nikamwambia asitaje jina la mtu sasa hivi, mgeni bado yuko njiani.